Ukiandika “stop”, Kinasimama Nini?

Mfaa wa mlango uliokuwa mezani ulikuwa wa mbambakofi, mbao ya bei, na nakshi ilikuwa imeshafika ua la tatu. Skrini ikaganda. Programu yetu ya kuongoza mashine ya kuchonga ilikuwa imemeza kumbukumbu yote ya bodi, ile kompyuta ndogo inayoiendesha, na Linux, mfumo endeshi wake, kama ilivyo desturi yake mambo yakizidi, ikaiua. Biti ikamaliza hatua chache zilizobaki kwenye foleni, kisha ikakaa pahali pamoja ikizunguka ndani ya mti. Moshi ukaanza kupanda. Nikakimbilia laptopu, nikaandika neno moja, “stop”, kwenye faili ya kerneli, yaani kiini cha Linux, na kerneli ikanijibu kwa adabu kwamba prosesa saidizi inayoziongoza mota imezimwa. Biti ikaendelea kuzunguka.

“Mwanangu, si wasema umeizima?” akauliza Mzee, mwenye mashine.

“Imezima, Mzee. Hebu tazama hapa, pameandikwa offline.”

Hakutazama. Alikwenda ukutani akachomoa waya.

Karakana ile iko Kisauni, na tangu siku hiyo mimi na mafundi wenzangu tunaotengeneza vifaa vya namna hii hapa Mombasa hatujamaliza ubishi wetu: je, programu ya kawaida, ile inayokaa juu kabisa na kuonyesha vitufe kwenye skrini, iruhusiwe kuwasha na kuzima prosesa saidizi kupitia milango ya kerneli? Au kazi hiyo ibaki ndani, kwa kerneli yenyewe au kwa programu inayoamka kabla yake, na huku juu tupewe ruhusa ya kuuliza hali tu?

Kwanza tueleze kwa nini prosesa saidizi ipo. Bodi yetu ni BeagleBone Black. Prosesa yake kuu ya ARM hukimbia kwa gigahezi 1 na ndiyo inayobeba Linux. Ndani ya chip hiyohiyo, AM335x ya Texas Instruments, mna prosesa nyingine mbili ndogo ziitwazo PRU, kila moja ya megahezi 200. Ni za pole kuliko ile kuu, lakini hazina mfumo wa kuzisumbua: amri ya kawaida huchukua nanosekunde 5, leo na kesho. Sasa piga hesabu ya mashine ya Mzee. Mota ina hatua 200 kwa mzunguko na draiva yake, sakiti inayoipa umeme, huigawa kila hatua mara 16, kwa hiyo mzunguko mmoja ni mapigo 3,200. Skrubu husogeza meza milimita 5 kwa mzunguko, yaani mapigo 640 kwa milimita. Ukitaka mwendo wa milimita 50 kwa sekunde, unahitaji mapigo 32,000 kila sekunde, pigo moja kila mikrosekunde 31 hivi. Linux ikienda kidogo tu kushughulikia mtandao au kuandika kwenye kadi, mapigo kadhaa yashakupita, na petali ya ua inatoka na jino. (Wapo wanaosema toleo la Linux 6.12 la mwaka 2024 limemaliza hadithi hii kwa sababu lina uwezo wa wakati halisi, yaani wa kufanya kazi kwa muda uliopangwa bila kuchelewa, ndani ya kerneli kuu. Uwezo huo ulianza na chip za x86, ARM za biti 64 na RISC-V. Bodi ya Mzee ni ya biti 32.)

Wanaotaka programu ya juu ishike hatamu wana hoja nzito, na mimi mwenyewe nimekula mkate kwa hoja hizo. Zamani tulitumia UIO, iliyoingia Linux mwaka 2007 na toleo la 2.6.23. Kerneli iliikabidhi programu kipande cha kumbukumbu ya chip, ikajitoa. Ulikuwa ukiandika moja kwa moja kwenye rejista, vile visanduku vya ndani ya chip vinavyoiamuru, na ukikosea anwani hakuna wa kukushika mkono. Mwaka 2012, toleo la 3.4, ikaja remoteproc, na miaka michache baadaye ikaongezewa faili za sysfs ambazo leo kila mwanafunzi anayekuja kwetu kwa atachi anazijua kabla hajajua jina la mwenye ofisi. Unaandika jina la fimwea, yaani ile programu ndogo itakayokaa ndani ya PRU, kwenye faili iitwayo firmware. Unaandika “start” kwenye faili iitwayo state. Kerneli inaitafuta fimwea ndani ya /lib/firmware, inaikagua umbo lake, inaipanga kwenye kumbukumbu ya prosesa, inaiamsha. Baada ya hapo mazungumzo hupita kwenye rpmsg, ujumbe wa baiti zisizozidi 496 kwa mpangilio wa kawaida. Kipande kimoja cha mwendo kwetu ni baiti 16, kwa hiyo ujumbe mmoja hubeba vipande 31.

Faida yake ni kubwa. Huhitaji kuandika draiva ya kerneli, yaani programu ya ndani ya kuongoza kifaa, na hilo si jambo dogo: kosa kwenye programu ya juu huiua programu hiyo peke yake, kosa kwenye kerneli huiangusha bodi nzima. Fundi wa kuandika draiva nzuri hapatikani kila kona ya Digo Road. Halafu marekebisho: mteja akitaka mwendo upunguzwe kwa mti mgumu, unabadilisha fimwea, unazima, unawasha, umemaliza kabla chai haijapoa. Bila kuizima na kuiwasha bodi, bila kupoteza vipimo vya mahali biti ilipo.

Upande wa pili nao hausemi upuuzi. Hoja yao ya kwanza ni ya usalama, na ndiyo inayonikosesha usingizi zaidi. PRU si mtoto aliyefungiwa chumbani. Fimwea yake ikitaka, inafungua mlango wa basi, ile njia ya data ndani ya chip, na kuifikia kumbukumbu kuu ya bodi, na kwenye AM335x hakuna kizuizi cha IOMMU kinachosimama katikati kuiuliza yaenda wapi. Kwa hiyo ukiipa programu ya skrini ruhusa ya kuchagua fimwea yoyote na kuiwasha, umeipa ufunguo wa nyumba nzima hata kama jina lake si root, yule mtumiaji mwenye mamlaka yote. Faili za sysfs kwa kawaida huandikwa na root tu. Tatizo ni sisi mafundi: tukichoka kuandika nenosiri, tunaweka kanuni ya udev, mgawa ruhusa za vifaa, tunafungulia kundi zima, tunaenda zetu kula viazi karai.

Hoja yao ya pili ni ya mpangilio. Kwenye chip kama STM32MP157, yenye prosesa mbili za Cortex-A7 za kubeba Linux na prosesa saidizi moja ya Cortex-M4 pembeni, U-Boot, ile programu inayoamka kabla ya kerneli, inaweza kuiamsha M4 kabla Linux haijafumbua macho, kisha kerneli ikaja kujiunga nayo ikiwa tayari kazini. Prosesa inayolinda pampu au breki haisubiri Linux imalize kuamka. Anayeunda kitu kama hicho hataki kabisa kuona kitufe cha “stop” kwenye skrini ya mtu.

Mpaka hapo ningesema ngoma droo. Lakini nikirudi Kisauni, naona pande zote mbili tunabishania mlango usio sahihi. Sote tunauliza nani anaruhusiwa kuandika “stop”. Mashine ya Mzee iliuliza kingine: neno hilo likishaandikwa, au aliyepaswa kuliandika akifa kabla, dunia ya nje inabaki katika hali gani?

Maana “stop” ilifanya kazi yake sawasawa. Kerneli iliondoa biti moja (ile ya kompyuta, sifuri au moja, si ya kuchonga) kwenye rejista ya udhibiti ya PRU, PRU ikaacha kusoma amri. Lakini pini zake za kutoa hubaki zilivyoachwa. Pini iliyoshika rilei, swichi ya umeme, ya mota ya kichwani inayozungusha biti ilikuwa juu, ikabaki juu. Nilikuwa nimemfunga mdomo mtu pekee aliyejua namna ya kuishusha. Ni kama kumfukuza dereva ndani ya matatu inayotembea ukidhani ndiyo breki.

Mwenzangu mmoja aliposikia kisa akanipa dawa mara moja: hamia kwenye faili ya /dev/remoteproc0. Njia hii iliongezwa mwaka 2020, toleo la 5.9, na ina jambo la busara ambalo sysfs haina. Programu huifungua faili, huomba kwa ioctl, amri maalumu kwa kerneli, kwamba prosesa izimwe faili ikifungwa, basi. Programu ikifa kwa njia yoyote ile, kerneli yenyewe hufunga faili zake, na prosesa saidizi huzimwa nayo. Hakuna yatima. Kwa sysfs, programu ikifa PRU haina habari, inaendelea na maisha yake.

Dawa nzuri, kwa mgonjwa mwingine. Kama prosesa saidizi kazi yake ni kubana video au kusafisha sauti, ndiyo, izimwe na bwana wake. Kuiacha ni kula umeme na kumbukumbu bure. Hapo nawaunga mkono wa upande wa kwanza bila kusita, programu ishike hatamu yote. Lakini kwa mashine ya Mzee, kuzimwa huko kungekuja mapema zaidi kuliko mkono wangu, kabla hata foleni haijaisha, na pini ingebaki juu vilevile. Tungepata moshi uleule kwa haraka zaidi.

Tulichofanya ni kuhamisha hukumu. Programu ya skrini bado inawasha PRU na kuipelekea njia ya biti, ila sasa kila milisekunde 50 inatuma salamu kwa rpmsg. Salamu zikikosekana kwa milisekunde 200, fimwea haimngoji mtu: inainua biti, inashusha pini ya rilei, ndipo inatulia. Na kwa kuwa nimeshajifunza kwamba “stop” humnyamazisha hata huyo mwenye akili, programu haiandiki tena neno hilo kabla ya kutuma ombi la kushuka na kupokea jibu. Juu ya yote hayo kuna kitufe chekundu kinachokata waya wa mota chenyewe, hakipiti kwenye prosesa yoyote. Mzee alikidai hicho kwanza, kabla sijamaliza kueleza habari ya salamu.

Kwa hiyo nikiulizwa leo niko upande gani, nauliza nami: prosesa yako inashika kitu chenye meno? Kama haishiki, mpe mwenye programu ufunguo na umuepushe na kuandika draiva. Kama inashika, ruhusa ya kuwasha naweza kuitoa, ruhusa ya kuzima ghafla siitoi, na ile ya kubadilisha fimwea nairudisha kwa root na nenosiri lake refu. Najua inaudhi. Tulipoijaribu wiki ya kwanza niliitwa Kisauni mara tatu kwa sababu ya kubadilisha mwendo tu, na nauli ya tuktuk ilikuwa juu yangu.

Lililobaki ni la kijana wa Mzee. Anataka apakie fimwea mwenyewe kwa Wi-Fi akiwa nyumbani Mtopanga, na hoja yake si mbaya, yeye ndiye anayeijua mbao kuliko mimi. Tumekubaliana kwa sasa abadilishe namba za mwendo kupitia ujumbe, ndani ya mipaka ambayo fimwea yenyewe inaikagua. Fimwea bado iko chini ya kufuli. Ameniambia kufuli hiyo ni ya uoga, na kila nikipita pale ananiuliza nitaifungua lini.