MA5B: bunduki ya kelele, au tunaidai kisicho chake?

"Shem, wewe humpigi mtu, unamwagilia bustani." Maneno ya shemeji yangu hayo, kwenye kochi lake Tabata, Jumapili moja mchana. Nilikuwa nimeshika pedi na mkononi mwa Master Chief, askari unayemchezesha, kulikuwa na MA5B, ile bunduki ya gemu ya Halo: Combat Evolved iliyotoka 2001. Magazini yangu yote ilikuwa imeishia ukutani. Yeye ni mtu wa bastola tangu zamani, na ubishi wetu ni uleule niliokuwa nausikia kwenye kafe za intaneti miaka hiyo: hii bunduki ina faida gani zaidi ya kelele?

Wanaoiponda wana hesabu mkononi. Inabeba risasi 60 na inazitema kama 15 kwa sekunde, kwa hiyo ukibana bila kuachia, ndani ya sekunde nne imebaki chuma tupu. Kwenye simulizi ya gemu, ambayo iko mwaka 2552, inatumia risasi za milimita 7.62 kwa 51, zilezile za FAL na G3 za dunia yetu. Risasi ya namna hiyo ungetegemea imlaze mtu mara moja. Lakini kumwangusha mchezaji mwenye ngao kamili kunakula zaidi ya kumi, tena ziwe zimempata. Bastola ya M6D, yenye risasi 12 tu, ina darubini inayokuza mara mbili na inamaliza kazi kwa risasi tatu za kichwa. Ndiyo maana mashabiki wa bastola wanaiita MA5B debe tupu.

Nimewahi kuwa upande wa marehemu kwenye hesabu hiyo. Toleo la majaribio la kompyuta, la 2003, lilikuwa linahamishwa kwa flashi kutoka mashine moja hadi nyingine kwenye kafe tuliyokuwa tunalipia jero kwa saa. Ramani ya kupambana ilikuwa moja tu, Blood Gulch, bonde refu lenye kambi huku na kambi kule. Unatoka kambini, unaona kichwa kinachomoza kule katikati, unabana kipanya. Risasi zinatawanyika kama mchele uliopepetwa na mtu mwenye haraka. Mwenzako kule ametulia, anavuta karibu kwa bastola: ta, ta, ta. Halafu unasikia kicheko kinatoka mashine ya tatu kushoto kwako.

Kwa hiyo hoja yao naielewa, na kuna sehemu naiunga mkono kabisa. Kwenye jalada la gemu, Master Chief kashika MA5B. Mgeni akiona hivyo ataamini hii ndiyo silaha kuu, ataing'ang'ania, na bastola iliyo kiunoni hataigusa mpaka afundishwe kwa kuuawa. Hapo watengenezaji, Bungie, walimchezea mgeni rafu, hata kama hawakukusudia.

Ila wakisema haina kazi, hapo tunaachana. Punguza umbali. Kwenye korido za meli ya Covenant, maadui kutoka anga za juu, huna nafasi ya kuvuta darubini, na wale wafupi wanaokimbia huku wanapiga mayowe hawana ngao ya mwili. Wanaanguka kama maembe ya msimu. Kisha wanakuja Flood, maadui wengine walio vimelea, na vile vidude vyao vyenye minyiri vinavyorukaruka kwa makundi. Kimoja kinapasuka kwa risasi moja, lakini vinakuja ishirini kwa mpigo. Kule kutawanyika tulikokuwa tunakutukana Blood Gulch ndiko kunakokuokoa hapa. Mwenye bastola ana risasi 12, anabadilisha magazini huku vimemkwea hadi shingoni. (Wenye shotigani watabisha. Wabishe, shotigani ni mada nyingine.)

Halafu kuna suala la kidole. Ukibana kwa vipande vifupi, risasi nne au tano, ukaachia, ukabana tena, zinakaa pamoja zaidi. Wengi wetu hatukuwa na subira hiyo. Pesa ya kafe inakwenda, adui anakuja, unabana tu mpaka mwisho.

Mwaka 2004 Bungie waliiondoa kabisa. Halo 2 ilikuja na M7, bunduki ndogo yenye risasi 60 pia, ambayo unaweza kushika mbili, moja kila mkono. Ndiyo uliyoanza nayo kwenye mapambano mengi. Ukiibana, mdomo unapanda juu, unajikuta unapiga mawingu. Matokeo yake kila mtu alikimbilia Battle Rifle, inayopiga tatutatu kwa mbali. Kwa hiyo kuiondoa MA5B hakukumsaidia mgeni. Bado alianza na silaha ya karibu na bado aliuawa kwa silaha ya mbali. Kwangu mimi huo ni ushahidi kwamba shida ilikuwa kwenye bastola, iliyokuwa inafanya kazi ya bunduki tatu.

Halo 3, 2007, iliirudisha kwa jina la MA5C, ikiwa na risasi 32. Shemeji anasifia: sasa mtu lazima afikiri kabla ya kubana. Ni kweli, na kwenye mapambano ya watu kwa watu inaleta nidhamu. Lakini walimpunguzia mgonjwa damu wakati tatizo lilikuwa jino. Zile 60 ndizo zilizokupa ujasiri wa kuingia chumba usichokijua. Hata MA40 ya Halo Infinite, 2021, yenye risasi 36, naiona ni bunduki nzuri zaidi ya kulenga, ila siyo ya kuingilia gizani.

Jumapili ile tuliendelea, yeye na bastola yake, mimi na bustani yangu. Alinikosa mara moja kwenye kona, nikamsogelea. Kile kioo kidogo cha buluu mgongoni mwa bunduki, kinachohesabu risasi zilizobaki, kilikuwa kinasoma saba. Nikamwaga tano kifuani, nikamalizia kwa kitako. Akasema pedi yake imekwama.