Ubaridi wa Jeli Kifuani

Aliyewahi kulala kitandani apimwe ECG, kipimo cha umeme wa moyo, anaukumbuka ubaridi ule. Stika zinabandikwa kifuani moja baada ya nyingine, kila moja na tone la uteute katikati. Uteute huo ndio hidrojeli: wavu wa polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli, ulioshika maji na chumvi. Umeme wa moyo unasafiri mwilini kwa ayoni, yaani chembe za chumvi zenye chaji, waya wa mashine unajua elektroni tu, na jeli ndiye mkalimani wao. Imo wodini miaka nenda miaka rudi, na hakuna muuguzi anayeishangaa.

Naanzia hapo kwa sababu vihisio laini vya hidrojeli, vile vya kubandikwa mwilini vipime mapigo, pumzi, jasho au mjongeo, huzungumzwa kana kwamba vimedondoka jana kutoka maabara ya Boston kwa ajili ya watu wenye saa za kuhesabu hatua. Wanaovibeza wana hoja, tena si nyepesi. Jeli hukauka, hata pakiti ya stika za ECG ikiachwa wazi, zile zilizobaki huharibika. Majarida ya sayansi nayo yamejaa vihisio vya kukunja kidole: mtafiti anabandika utepe kwenye kifundo, anakunja, grafu inapanda, kazi inachapishwa. Kutoka kwenye kidole hicho hadi kwa mgonjwa wa moyo anayetokwa jasho saa nane mchana ni mbali. Kisha kuna hili: kengele ikilia wodini na muuguzi mmoja anahudumia vitanda vingi, nani ataiitikia? Swali hilo sina jibu lake, wala jeli haina.

Kukatika na kukauka, lakini, si vizuizi vilevile vya zamani. Mwaka 2012 watafiti wa Harvard walichanganya polima mbili, alijineti na poliakrilamaidi, wakapata jeli yenye takriban asilimia 90 ya maji inayovutika zaidi ya mara 20 ya urefu wake bila kukatika. (Alijineti hutoka kwenye mwani wa kahawia. Mwani wanaolima akina mama wa Paje na Jambiani ni wa jamii nyingine na hutoa karajinani, ambayo nayo ni ya kutengenezea jeli. Nani alisema teknolojia hii haituhusu?) Mwaka 2022 kundi la Xuanhe Zhao wa MIT likaifunga jeli katikati ya tando mbili za mpira mwembamba ili maji yasitoroke, likaibandika pamoja na kifaa cha ultrasaundi chenye ukubwa wa stempu, na kuona moyo, mapafu na tumbo kwa saa 48 mfululizo. Kweli, stika hiyo bado ilihitaji waya hadi kwenye mashine. Ila hoja ya kukauka baada ya dakika chache ilikwisha pale.

Wanaobeza wanachosahau ni ngozi yenyewe. Mchukue mtoto njiti aliyezaliwa wiki ya 26. Tabaka la juu la ngozi yake, lile linalozuia maji yasitoke na vijidudu visiingie, bado ni jembamba mno, na plasta ikibanduliwa linaweza kuondoka nayo. Halafu angalia zile waya. Tunawahimiza akina mama wawabebe njiti kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa utaratibu wa kangaruu ulioanzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978. Kisha tunamfunga mtoto kwa nyaya ambazo mama anaogopa kuzigusa. Mwaka 2019 kundi la John Rogers wa Northwestern, Marekani, lilionyesha vihisio viwili, kimoja cha kifuani na kimoja cha mguuni, visivyo na waya wala betri, vinavyogusana na ngozi kupitia utando mwembamba wa hidrojeli. Mama anamchukua mwanawe, vipimo vinaendelea. Kwangu mimi, huyo ndiye mteja wa kwanza wa teknolojia hii, kabla ya mkimbiaji wa marathoni.

Sasa nifike kwenye jambo linaloninyima usingizi. Desemba 2020, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha uchunguzi wa wagonjwa wa Marekani waliopimwa oksijeni kwa njia mbili: kile kibanio cha kidoleni, na damu ya mshipa wa ateri. Wakaangaliwa wale ambao kibanio kilisema wako salama, kati ya asilimia 92 na 96. Kwa wagonjwa weupe, asilimia 3.6 damu ilionyesha wako chini ya 88. Kwa weusi ilikuwa 11.7. Yaani mgonjwa mmoja mweusi katika kila tisa hivi alikuwa amepungukiwa oksijeni huku mashine ikimwambia daktari asiwe na wasiwasi.

Sababu haina mafumbo. Kibanio kinapitisha mwanga mwekundu na mwanga usioonekana kidoleni, na melanini, ile rangi inayoifanya ngozi iwe nyeusi, nayo inaumeza mwanga. Mashine iliwekewa mizani kwa watu gani? Mwongozo wa mamlaka ya dawa ya Marekani wa 2013 uliridhika na watu 10, ambao angalau 2 kati yao wawe na ngozi nyeusi. Wawili! Januari 2025 ndipo ikatolewa rasimu inayotaka watu 150 au zaidi. Na vibanio hivyo ndivyo vilivyotapakaa katika hospitali zetu, ambako karibu kila kidole kinachoingizwa humo ni cheusi.

Hapa ndipo ninapoiona jeli kwa jicho lingine. Kipimo kinachosoma umeme wa moyo, mvutano wa ngozi kifua kinapopanda au sauti ya pumzi hakihitaji kupitisha mwanga kwenye melanini. Nisidanganye: oksijeni yenyewe bado hupimwa kwa mwanga hata katika vihisio vya Rogers, na jeli haiponyi kosa hilo. Njia ya kemia ya kuipima kupitia ngozi ipo tangu miaka ya 1970, lakini elektrodi yake hupashwa joto hadi nyuzi 43 au 44, na lazima ihamishwe kila baada ya muda isimuunguze mtoto. Lakini idadi ya pumzi na mapigo ya moyo, vinavyofuatwa saa baada ya saa bila kuchubua ngozi, vinaweza kumshtua muuguzi wakati kibanio bado kinamtuliza.

Hatari ni kwamba kosa la watu wawili kati ya kumi litarudiwa. Vihisio vingi vya jeli vinajaribiwa kwa vijana wachache wenye afya, ndani ya vyumba vyenye kiyoyozi. Afadhali Nairobi, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, vifaa visivyo na waya vilivyotokana na kazi ya Rogers vimewekwa kwa watoto wachanga na kulinganishwa na mashine za kawaida. Kazi ya namna hiyo ndiyo ninayoitaka zaidi, na katika mazingira magumu zaidi: Dar es Salaam mwezi wa Februari, umeme umekatika, feni imesimama, mama amembeba njiti wake chini ya kanga na jasho linawatiririka wote wawili. Stika ikibaki mahali pake hadi asubuhi, nitataka kuiona bei yake.