Eagles walianza kuanguka wakiwa bado wanashinda

Ukiniuliza Philadelphia Eagles, timu ya futiboli ya Kimarekani (NFL), waliharibikiwa lini msimu wa 2023, sitakutajia tarehe 3 Desemba, siku San Francisco walipowachapa 42–19 nyumbani kwao. Nitakutajia wiki moja kabla, siku waliyoshinda.

Mvua ilikuwa inanyesha, Buffalo wako mbele kwa pointi tatu, muda unayoyoma. Jake Elliott, mpiga mateke wa Eagles, akaupiga mpira kutoka yadi 59, ukapaa kwenye maji na upepo, ukapita katikati ya milingoti: pointi tatu, sare. Katika muda wa nyongeza Jalen Hurts, mrusha pasi wao mkuu, akaukumbatia mpira, akakimbia nao mwenyewe hadi ndani: 37–34. Mechi 11, wameshinda 10. Nilishangilia hadi sauti ikanikauka. Lakini pointi 34! Josh Allen, mrusha pasi wa Buffalo, alikuwa anaikata ile safu ya ulinzi atakavyo. Ufa ulikuwepo, ushindi ukaupaka rangi.

Kisha ukaja uamuzi ambao hadi leo siukubali. Katikati ya Desemba, timu ikiwa na ushindi 10 na vipigo 3, Sean Desai akanyang'anywa kazi ya kupanga ulinzi, akapewa Matt Patricia. Wachezaji wamefundishwa mfumo huu tangu kambini, leo unawaambia wafikiri upya? Seattle wakawafunga zikiwa zimebaki sekunde 28. Arizona, waliokuja Philadelphia na ushindi 3 tu msimu mzima, walikuwa nyuma 21–6 mapumziko, wakaondoka na 35–31. Na kocha wao, Jonathan Gannon, ndiye aliyekuwa akiongoza ulinzi wa Eagles msimu uliotangulia. Iliniuma sana.

Kwenye mtoano, Tampa Bay wakamaliza kazi, 32–9. Kilichonivunja moyo ni yadi moja. Eagles walikuwa wamefunga, wanatafuta pointi mbili za ziada, wakatumia silaha yao: mpira ukiwa yadi moja tu kutoka mstari, Hurts anajibana nyuma ya Jason Kelce, nguzo ya safu ya mbele, wenzake wanamsukuma mgongoni. Mwaka mzima hakuna aliyekuwa na dawa yake. Usiku ule wakasukuma, rundo halikusogea.

Waliodai kocha mkuu Nick Sirianni afukuzwe na Hurts auzwe sikuwaunga mkono. Tatizo lilikuwa ulinzi. Akaletwa Vic Fangio kuusimamia, wakaongezwa vijana, na Februari 2025, kwenye Super Bowl, fainali ya ligi, dhidi ya Kansas City, Cooper DeJean, mmoja wa vijana hao, siku anatimiza miaka 22, akainasa pasi ya Patrick Mahomes wa Kansas City na kukimbia nayo yadi 38 hadi kufunga.