Kizimba cha chuma ndani ya gari: nusu, kamili, au usitie kabisa?

Chukua Toyota Altezza iliyoingia Lubumbashi kupitia mpaka wa Kasumbalesa, usukani bado upande wa kulia. Siku za kazi inapanda na kushuka barabara ya Kasapa. Mwenyewe anataka siku moja aivushe mpaka, akipata pesa aifikishe hata Kyalami, uwanja wa mbio za magari wa Afrika Kusini, aikimbize uwanjani na kofia ngumu kichwani. Garajini linazuka swali moja: atie kizimba cha chuma, yaani mabomba ya kumkinga dereva gari likipinduka, au asitie? Mafundi wanagawanyika papo hapo. Kuna wanaosema paa la gari la kawaida halikuundwa kubeba gari zima linapobiringika kwa kasi ya uwanjani. Kuna wanaojibu kwamba bomba la chuma kando ya kichwa kitupu ni nyundo inayosubiri siku yake. Wote wanasema kweli, ila hawazungumzii gari moja.

Tuanze na kichwa, maana hapo ndipo hesabu nyingi hukosewa. Mkanda wa kawaida wa pointi tatu unavutika, na mwili ukigongwa ubavuni unaruka pembeni. Katika gari lisiloguswa, kichwa hukutana na plastiki, bati jembamba linalobonyea, na katika magari mengine mfuko wa hewa unaoshuka kutoka ukingo wa paa. Kizimba kamili kinapitisha bomba mahali hapo hapo, na mfuko ule hauna tena nafasi ya kufunguka. Watu huvisha bomba sponji laini, ile ya kufunika mabomba ya maji, wakadhani wamemaliza. Sponji hiyo inabanwa na kidole, sembuse fuvu la mtu. Kinga inayofaa ni ile ngumu, yenye alama ya viwango vya usalama wa mbio, FIA 8857-2001 au SFI 45.1, na hata hiyo imekusudiwa kichwa kilichovaa kofia.

Kwa hiyo gari ambalo bado linakwenda sokoni na kuchukua watoto shuleni lisiwe na bomba lolote mbele ya mabega ya dereva. Hapo sioni cha kubishana. Ubishi wa kweli uko kwenye nusu kizimba: tao moja nyuma ya viti vya mbele, miguu miwili ya nyuma, bomba la mshazari, na bomba la kulala la kufungia mikanda. Wanaokipenda wana hoja nzito. Mikanda ya mbio humshika dereva wima. Paa likishuka, hawezi kuinama kando kama angefanya na mkanda wa kawaida. Ukifunga mikanda hiyo bila kitu cha kushikilia paa, umejifunga ungoje paa likushukie. Tao, kiti kisicholala na mikanda ni kitu kimoja, havinunuliwi kimoja mwaka huu na kingine mwaka ujao. Mikanda ya mabega itoke kitini ikielekea nyuma karibu usawa, digrii 10 hivi kushuka, na isipite 45. Ikishuka sana, gari likigonga mbele inakandamiza uti wa mgongo. Mikanda ya pointi nne bila ule wa katikati ya miguu nayo huruhusu nyonga kuteleza chini ya mkanda wa tumbo.

Wanaoipinga nusu wanajibu kwamba haishiki nguzo za kioo cha mbele wala haizuii kitu ubavuni. Ni kweli. Kwa gari la wazi kama Mazda MX-5 kuna kipimo rahisi: laza ubao ulionyooka kutoka juu ya tao hadi juu ya fremu ya kioo, dereva akiwa amekaa na kofia. Vilabu vingi vya mbio vinataka kofia iwe chini ya ubao kwa milimita 50. Dereva mrefu anashindwa, na hapo dawa ni kushusha kiti au kupandisha tao. Hata hivyo, nyuma ya nusu kizimba asikae mtu. Kiti cha nyuma king'olewe, kisibaki kwa ajili ya shemeji siku ya harusi.

Uzito nao una pande mbili. Bomba la milimita 45 lenye unene wa 2.5 lina kilo 2.6 kwa mita, na la 38 kwa 2.5 lina kilo 2.2. Nusu kizimba cha mita nne za tao na mita tano na nusu za mabomba mengine, pamoja na mabati ya miguu, hufika kilo 23 au 24. Ukiongeza miguu ya mbele, bomba la juu ya kioo na mapau ya milango, unakaribia 50. Kwa gari la kilo elfu moja, breki zitausikia uzito huo. Upande wa pili, bodi iliyochoka inakazika, na kazi ya marekebisho ya springi inaanza kuonekana.

Vipimo nilivyotaja si vya kubuni. Shirikisho la kimataifa la magari, FIA, katika Kiambatisho J, ibara ya 253, linataka tao kuu liwe bomba moja lisilounganishwa, la chuma cha kaboni kisicho na mshono kilichovutwa baridi, 45 kwa 2.5 au 50 kwa 2. Mabomba mengine ni 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2. Sasa tazama kinachouzwa mjini. Bomba la maji la inchi moja na nusu lina kipenyo cha milimita 48 na unene wa kama 3, na kwa macho linaonekana limezidi. Lakini lina mshono urefu wote, na zinki juu yake: ukilichomelea, moshi wake unampa fundi homa ya usiku mmoja, na kiungo kinajaa vitundu. Bomba la ekzosi ni jembamba mno. Vyuma vya mabaki ya migodini vinavutia kwa unene, lakini hujui kaboni yake ni kiasi gani, na chuma chenye kaboni nyingi hupasuka pembeni ya mchomeleo, si kwenye mchomeleo wenyewe. Chuma bila karatasi ya kiwanda kisiingie kwenye kizimba.

Wengine watakuambia uagize kromoli ya 4130, chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdenamu. Ni imara zaidi, lakini ikibebeshwa mzigo hujipinda sawa na chuma cha kawaida, kwa sababu ugumu wa kupinda uko karibu sawa. Faida yake huja tu kanuni zikikuruhusu kutumia bomba jembamba. Tena kwa maelezo ya FIA si chuma kisichochanganywa, kwa hiyo kizimba chake kinahitaji kuidhinishwa. Kwa gari la siku za uwanjani ni pesa iliyopotea.

Kukunja kuna mtego wake. Kwa bomba la 45, kona isiwe na nusu kipenyo chini ya milimita 135, na bomba likunjwe baridi. Kujaza mchanga na kuchoma kwa moto ni ufundi mzuri wa malango ya nyumba. Pima kona kwa kalipa: ikiwa upande mpana una milimita 47, mwembamba usipungue 42.3. Ukipungua, bomba limelala, na siku ya kupinduka litaanza kukunjika hapo hapo.

Mchomeleo ndio unaoamua yote. Bageti, yaani vijiti vya kuchomelea, za 6013 zinazouzwa kila kona hazizami sana. 7018 zinafaa zaidi, mradi ziwe kavu. Pakiti iliyokaa wazi msimu wa mvua huingiza unyevu, na unyevu huleta nyufa zisizoonekana. Umeme unaopanda na kushuka hufanya mchomeleo ulale juu ya bomba bila kuingia. MIG, mashine ya kuchomelea kwa waya, yenye gesi, juu ya jenereta inayotosha, ni bora. Kabla ya yote toa betri na uchomoe kompyuta ya gari.

Kisha chukua kioo kidogo cha mkono, ukiingize kati ya paa na kiungo cha juu cha tao, umulike kwa tochi. Utakuta mara nyingi mchomeleo umezunguka robo tatu tu ya bomba: upande wa paa fundi hakufika, akapaka rangi. Anayejua kazi hutoboa sakafu mahali pa miguu, anakishusha kizimba, anachomelea juu, anakipandisha, ndipo anaweka mabati chini yake.

Vipi kuhusu kizimba cha kuagiza, cha bolti? Kipimo chake kimekwisha kufanywa, na kinaweza kutoka gari likiuzwa. Tahadhari moja: kilichotengenezewa magari ya usukani wa kushoto mara nyingi kina mshazari unaoanza juu ya bega la kushoto. Kwenye Altezza yetu, kichwa cha dereva kiko upande wa pili. Uliza kabla ya kulipa.

Na miguu ya tao isikae juu ya sakafu tupu. Bati la kuimarisha liwe na sentimita za mraba 120 na unene wa milimita 3, na kila mguu upate bolti zisizopungua tatu za M8, daraja la 8.8. Miguu ya nyuma inatosha na mabati ya 60 na bolti mbili. Gonga sakafu kwa nyundo kwanza: magari mengi ya Japani yameshika kutu chini ya zulia, na bati zuri juu ya kutu linang'oka pamoja na kutu. Kwangu Altezza ya Kasapa ipate nusu kizimba cha bolti, basi. Bolti zikazwe kwa nyutoni-mita 25 hivi, na zikazwe tena baada ya wiki moja ya mashimo ya barabara ya Likasi, kwa sababu rangi iliyobanwa kati ya mabati husinyaa na kuziacha zikicheza.