Napiga Hodi Kwangu Mwenyewe

Kutoka sebuleni kwangu hadi barazani ni hatua kumi na mbili, nimezihesabu. Jumapili iliyopita picha za harusi ya Zuhura zilitumia saa tatu unusu kuuvuka mwendo huo. Ningezipakia kwenye baiskeli, zingeshafika Pangani.

Na Pangani ndiko walikotoka dada zangu wawili, wamekuja Tanga kuziona. "Baba Zuhura, waonyeshe mawifi zangu picha," akasema mke wangu. Ziko kwenye kompyuta ya mezani, sebuleni, na sebuleni joto la Machi halikaliki, feni imekufa. Barazani upepo wa bahari unafika, laptopu ya mwanangu ipo, na mashine zote mbili zinakula waifai moja ambayo bando lake nalilipa mimi. Nikasema ni jambo la dakika mbili. Nilisema mbele za watu, ndiyo balaa lenyewe.

Laptopu ikafungua palipoandikwa Network: kweupe. Mwanangu akaingia ndani, akatoka anacheka. "Baba, hii uliiambia iko hadharani." Eti siku ilipounganishwa na waifai iliuliza hapa ni mahali pa watu wote au pa faragha, nami nikabofya tu iondoke. Basi miaka yote hiyo imekaa sebuleni kwangu, imefunikwa kitambaa alichofuma mke wangu kwa mkono, yenyewe inajiona iko stendi ya Kange, imekumbatia pochi.

Tukaigeuza Private, tukawasha na ile ya kuonekana na wenzake. Kijana akaandika ping 192.168.1.7, ndiyo kuipigia hodi ile ya sebuleni. Ikajibu mara nne. Tukibofya tuingie, inauliza jina na paswedi. Watu wa namna hii unawajua: unapiga hodi, unamsikia anakohoa ndani, kisha anauliza "Nani?" kwa sauti ya mtu anayedaiwa.

Tukazima hiyo habari ya paswedi kule sebuleni. Sasa ikagoma laptopu! Ina Windows 11 Pro, toleo la 24H2, nayo haikubali kuingia kwa watu kama mgeni tu, lazima ijitambulishe. Mgeni akataliwe Tanga hii, tena anajikataa mwenyewe? Enzi za Windows 7 kulikuwa na HomeGroup, kompyuta za nyumba moja zikila sinia moja. Windows 10 ikaja kuiondoa mwaka 2018, wala hatukualikwa arobaini.

Tukaiwasha tena paswedi. Nikaandika namba zangu nne ninazofungulia kila asubuhi. Ikakataa. "Hiyo ni PIN, Baba. Inafaa ukiwa umekaa mbele yake tu. Kupitia mtandao inataka paswedi yenyewe ya akaunti."

Paswedi gani? Mashine hii aliiandaa shemeji yangu, kaka yake Mama Zuhura, mtu wa African Sports, wale Wana Kimanumanu, hadi soksi. Mimi ni Coastal Union, na ubingwa wetu wa mwaka 1988 nimemkumbusha kwenye misiba na kwenye mahari. Nikampigia. Akacheka mpaka nikaona salio linaisha.

"Shemeji, andika Kimanumanu. K kubwa."

Nikamwomba arudie. Akarudia taratibu, herufi moja moja, analamba kila moja kama embe.

Nikaandika kwa kidole kimoja, uso nimeugeuzia barabarani. Nashukuru kinachoonekana ni vidoto tu. Nikaweka na tiki ya kuikumbuka, nisije nikaliandika tena neno hilo nikiwa hai. Nilipotaka kubofya OK, mwanangu akanishika mkono.

"Baba, ngoja. Bofya hapo kwenye kijicho kwanza, tuone kama umeandika sawa."

Dada zangu wakavuta viti.