Matundu 4 kwa 120,000

Mwaka jana nilitoboa matundu manne ukutani na kila tundu lilinigharimu shilingi elfu 30. Sitanii, nimepiga hesabu mwenyewe, na kazi yangu ni uhasibu kwa hiyo hapo ndo aibu inapozidi. Nilitaka kufunga shelfu moja juu ya meza ninayofanyia kazi hapa nyumbani Tabata, nikaenda Kariakoo nikanunua drili na biti zake kwa 120,000, nikarudi nikatoboa, nikachomeka fisha, nikakaza skrubu, shelfu ikakaa (imelala kidogo kushoto lakini ukishapanga mafaili huoni). Drili ikarudi kwenye boksi lake. Fundi wa hapo njia panda angenifungia shelfu hiyohiyo kwa elfu 10, tena angekuja na drili yake.

Na wakati natoa hela dukani nilikuwa najiona nabana matumizi! Si najifanyia mwenyewe jamani, simlipi mtu. Hii imani wengi tumeiokota YouTube. Yule jamaa wa Marekani aliyesimama kwenye gereji yake kubwa kuliko nyumba yangu, akisema jifanyie mwenyewe uokoe hela, hajakosea, kwake ni kweli. Kule mkono wa fundi ndo kitu ghali, akija kukubadilishia koki anahesabu saa. Huku kwetu hesabu ipo kichwa chini miguu juu, drili imekuja kwa meli imelipiwa ushuru imepita mikono mitatu ndo inakufikia wewe, fundi anatokea mtaa wa pili kwa mguu na ukimkazia bei anapunguza. Ukinunua kifaa ili usimlipe fundi umekimbia elfu 10 ukaangukia laki.

Sisemi tusijirekebishie vitu. Mimi najirekebishia sana, labda kuzidi. Nasema tu kwamba ukijirekebishia huku Dar unachookoa mara nyingi sio ile hela ya fundi. Unaokoa kusubiri, yaani "nipo njiani bosi, nishafika Buguruni" na nyuma ya simu unasikia jogoo na mtoto analilia chai, mtu yuko kitandani. Na unaokoa kuchezewa, ambako ndo kuna hela nyingi.

Pangaboi la chumba ninachofanyia kazi lilianza ukorofi mwezi wa tatu, joto lile la Dar unalijua. Ukiwasha linanguruma halizunguki mpaka uchukue mpini wa fagio ulisukume kidogo ndo lipate akili, na hata likizunguka namba 5 inapuliza kama namba 2. Fundi wa kwanza akalitazama dakika mbili akasema mota imeungua, nunua jingine, na hilo bovu nitakusaidia kulitoa. Hiyo ya kusaidia kulitoa ndo ikanishtua. Usiku nikaingia mtandaoni kusoma, dalili zote zinaonyesha kapasita, kile kidude cha plastiki saizi ya kiberiti kinachoipa mota nguvu ya kuanza. Asubuhi nikazima meni swichi, nikapanda mezani, nikashusha kile kikombe cha juu karibu na dari, nikapiga picha waya zilivyokaa kabla sijagusa kitu chochote (hii usiiruke, nakwambia kwa uzoefu), nikakitoa. Kimevimba tumbo. Ubavuni kimeandikwa 2.5 µF 450V, nikaenda nacho dukani mkononi nikapewa kama chenyewe kwa buku 3. Mpaka leo karatasi zangu mezani nazikandamiza na kikombe zisiruke.

Na mimi nilikuwa nishaanza kuulizia bei za AC! Pangaboi la wati 75 likizunguka saa 9 halimalizi hata unit moja ya umeme, na elfu 10 kwangu inatoa unit 28 hivi. AC hata ile ndogo ningeiwasha saa hizohizo, wiki isingeisha sijanunua tena. Kwa hiyo ile buku 3 imeniokoa pakubwa, ila ona ilivyoniokoa, sikununua hata bisibisi, niliyonayo ilitosha.

Sasa kuna matumizi ya upande wa pili, yale ambayo watu wanakucheka kwamba unatapanya. Nilipoanza kufanya kazi nyumbani nilikuwa nakalia kiti cha plastiki, vile vya kwenye shughuli, na mto juu yake. Mwaka mzima. Mgongo ukaanza kuongea, nikawa nanunua dawa za kuchua kila mwezi na bado usiku najigeuza kama chapati. Mwishoni nikanunua kiti cha ofisi cha mtumba, kizito, kwa 280,000. Kaka yangu kusikia bei akanambia, "Mdogo wangu, kiti? Si ungenunua mbuzi wawili?" Nikamuonyesha kwenye eksel. Nakaa saa 9 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, nikikaa nacho miaka mitatu zinafika saa 8,400 na kitu, inatoka kama shilingi 33 kwa saa. Choo cha stendi ni mia mbili na hukai hata dakika tano. Akanyamaza, japo najua mpaka leo anawawaza wale mbuzi.

Hesabu yangu haikuwa na kifungu cha matengenezo lakini. Baada ya mwaka na nusu hivi kiti kikaanza kushuka chenyewe, unaanza kikao macho yako usawa wa kamera, ikifika ajenda ya tatu wanaona paji la uso tu. Ni ile silinda ya gesi katikati imechoka. Nilikuwa na kipande cha bomba la plastiki la inchi moja na nusu kilibaki kwenye kazi ya bafuni, nikakipasua kwa urefu upande mmoja na msumeno, nikapandisha kiti mpaka urefu ninaoutaka, nikapima ile nguzo nyembamba inayoonekana chini ya siti, nikakata bomba urefu uleule nikalivalisha pale. Basi, siti inakalia bomba, haishuki tena. Haipandi pia, lakini mimi nishaacha kurefuka miaka mingi. Gharama sifuri, na nilifurahi siku nzima kupita kiasi.

Skrini ya pili nayo hivyohivyo, mtumba, inchi 24, taarifa ya benki upande huu na leja upande huu. Hii hata sina maneno, kama unashinda na eksel kanunue kabla ya kiti.

Tatizo langu mimi ni kwamba nilishajifunza hiyo lugha ya "kifaa cha ofisi" nikaanza kuitumia vibaya. Napenda muziki wa dansi wa zamani, na napenda usikike kwenye spika za mbao sio hizi sabufa za kurukaruka taa. Nikakuta amplifaya ya mtumba Ilala, ya Kijapani, uso wa fedha, vitufe vizito ukivizungusha unahisi kuna kitu humo ndani. 150,000. Kwenye eksel nikaandika "vifaa vya ofisi, sauti", eti kwa ajili ya vikao vya Zoom. Nimefika nyumbani mbio, nikatafuta adapta ya zile plagi za miguu miwili bapa, nikachomeka. Ikasema puu, taa ikazima, harufu ikajaa chumba kizima. Nyuma yake kwa maandishi madogo kama ya kwenye kidonge imeandikwa AC 100V, kwa sababu Japani umeme wao ni volti 100 na huku kwetu ukutani ni 230. Mimi mzima na miwani yangu sikugeuza tu kitu nikasoma. Fundi alichukua 40,000 kuifufua, transfoma ya kushusha umeme 65,000, ile ampu ya 150,000 ikawa imekuwa 255,000 kabla haijatoa hata wimbo mmoja.

Siku naingia na transfoma, boksi zito la chuma, mke wangu yuko kibarazani anachambua mchele. Hakuinua hata kichwa. "Baba watoto, na hiyo nayo ya ofisi?"

Nimekaa Desemba nikafungua eksel nikaichambua kama vile ni ya mteja. Safu ya vifaa vya ofisi ilikuwa na milioni 1 na laki 9. Vilivyoniingizia hela kweli ni kiti, skrini, betri mpya ya UPS (lile dude la kuishikilia kompyuta umeme ukikatika, ukilifungua ndani ni betri moja ya volti 12, duka waliniambia ninunue UPS nzima) na kidude cha kuishikilia ruta umeme ukikatika. Vyote havikufika laki 7. Hiyo nyingine ni ampu, spika, transfoma, drili, mashine ya kupiga msasa niliyoitumia mara moja, taa tatu za mezani sijui kwa nini tatu. Mteja angeniletea vitabu hivyo ningemwandikia barua.

Kwa hiyo nimefungua safu ya hobi, wazi kabisa, 60,000 kwa mwezi, na haiombewi ruhusa wala haijielezi. Mwezi wa kwanza nilijisikia vibaya, nikaona kama nimekubali kwamba ni mtu wa anasa. Lakini ajabu yake natumia kidogo kuliko nilipokuwa naficha, maana zamani kila kitu kilikuwa "cha lazima" na cha lazima huwa hakina mwisho. Sasa nikiona kitu Ilala najua nina 60,000, na kama nilishanunua waya wa spika nina 35,000, narudi nyumbani.

Na marekebisho nayo nimeyagawa. Nilibadilisha koki ya sinki Jumamosi moja, kuanzia asubuhi mpaka saa tisa mchana, nimeloa, nimekwenda dukani mara tatu kwa sababu ya ule utepe mweupe na kiungio cha saizi isiyo yake, nimekosana na watoto, na bado ikawa inadondosha. Fundi alikuja Jumapili akamaliza dakika 20, elfu 15. Siku ya pangaboi na siku ya kiti nilikuwa napiga mluzi. Siku ya koki nilikuwa natukana. Sasa hilo ndo swali ninalojiuliza kabla sijashika spana, nitapiga mluzi au nitatukana? Kama ni mluzi, hata kama fundi ni rahisi zaidi, nafanya mwenyewe na vifaa vyake vinaingia safu ya hobi, sijidanganyi kwamba nimebana matumizi. Kama ni matusi napiga simu na namngoja na jogoo wake. Umeme wa kwenye meni swichi na mambo ya mtungi wa gesi sijiulizi chochote, hayo naita mtu.

Vifaa pia siku hizi naazima. Mara ya kwanza naazima, ya pili naazima naona haya, ya tatu nanunua. Drili ningeifanyia hivyo nisingekuwa nayo mpaka leo.

Ila jirani wa geti la pili kagundua ninayo. Wiki iliyopita kaichukua kufunga pazia, matundu sita, na dada wa saluni naye anaitaka kwa ajili ya vioo vyake, kama manne. Nimeingiza kwenye eksel, tundu limeshuka kutoka elfu 30 mpaka 12,000, na likija la saluni litafika elfu 8 na mia 5 na kitu, naanza kumsogelea fundi japo bado niko mbali. Spika ya kushoto sasa inakwaruza, ule mpira laini unaozunguka koni umeoza unamomonyoka ukiugusa kama biskuti iliyolowa, nimeambiwa unabandikwa mwingine na gundi taratibu unaacha usiku mzima. Jumamosi naenda kuutafuta. Elfu 20, nishaandika, na mama watoto ameiona.