Ncha Mbili Si Pacha

Kwa miaka mingi kila mjadala wa tabianchi ulikuwa na mtu wake wa kutoa karata ileile kupinga kwamba dunia inapata joto: "Mbona barafu ya kusini inaongezeka?" Na tusimwonee, takwimu alikuwa nazo. Tangu setilaiti zianze kupima mfululizo mwishoni mwa miaka ya 1970, barafu ya bahari inayoizunguka Antaktika ilikuwa ikitanuka polepole, na Septemba 2014 ikavuka kilomita za mraba milioni 20. Miaka miwili kabla, Septemba 2012, ile ya Aktiki, kwenye ncha ya kaskazini, ilikuwa imenywea hadi takriban milioni 3.4.

Tarakimu zilikuwa sahihi. Alipokosea ni kudhani kwamba ncha mbili za dunia ni pacha. Lawama nyingine nazipeleka kwa ramani, zinazopaka juu rangi nyeupe, chini rangi nyeupe, basi. Kumbe kaskazini ni bahari iliyozingirwa na nchi kavu, na kusini ni bara lililozingirwa na bahari.

Barafu ya Aktiki ni utando wa mita chache tu juu ya maji. Ikifunikwa na theluji mpya hurudisha angani zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua, ilhali bahari iliyo wazi humeza zaidi ya asilimia 90. Kwa hiyo kila inapoyeyuka hubaki maji meusi yanayokusanya joto kiangazi kizima. Joto hilo huchelewesha kuganda, na barafu inayokuja kuganda huwa changa, nyembamba, nyepesi kuyeyuka tena. Eneo hilo limepata joto karibu mara nne ya wastani wa dunia tangu 1979. Sababu ziko kadhaa, ila hii ndiyo naiona katili kuliko zote, maana hasara inazaa hasara.

Kusini mambo huenda kivingine. Pale hakuna ardhi ya kuzuia upepo wala mkondo. Pepo za magharibi huzunguka bara zima zikiyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na kutoka vilindini hupanda maji ya kale, ambayo hayajaguswa na hewa kwa karne nyingi. Joto likiingia baharini huchukuliwa kwenda mbali kabla halijarundikana. Pepo hizohizo huisambaza barafu nje, na mapengo yanayobaki huganda upya. Kichekesho ni kwamba tundu la ozoni, uharibifu wetu mwingine, limezizidishia nguvu pepo hizo wakati wa kiangazi. Na bara lenyewe limeinuka mno, ndiyo maana baridi yake ni kali: kituo cha utafiti cha Vostok, ndani ya bara hilo, kilipima nyuzi 89.2 chini ya sifuri mwaka 1983.

Kisha mwaka 2016 barafu ya bahari ya kusini ikaporomoka ghafla. Februari 2023 ilishuka chini ya kilomita za mraba milioni 1.8, na hata kilele cha majira ya baridi ya mwaka huo hakikufika milioni 17. Mwenye karata siku hizi simsikii.

Lakini hata alipokuwa na takwimu zake, alikuwa akihesabu barafu isiyohusika. Barafu ya bahari tayari inaelea. Ikiyeyuka, kina cha bahari hakibadiliki kwa kiasi cha maana. Ya kuogopwa ni ile iliyolala juu ya bara, yenye maji ya kutosha kuinua bahari zote kwa karibu mita 58. Upande wa magharibi wa Antaktika sehemu kubwa ya barafu hiyo imekalia mwamba ulio chini ya usawa wa bahari. Hapo baridi ya hewa haisaidii kitu. Maji ya kilindini, yaliyozidi sifuri kwa nyuzi moja hivi, hupenya chini ya barafuto (mito ya barafu inayoteremka taratibu hadi baharini) kama Thwaites, yenye upana wa kilomita 120 hivi, na kuila kutoka tumboni, wakati juu yake theluji bado inaanguka.